Muuguzi na Wazazi Waliofiwa na Mtoto Mchanga

Katika kambi na vituo vya ulinzi vilivyotapakaa kutoka Kabatoro, kando ya ziwa la chumvi la Katwe, hadi Bwera na mpaka wa Mpondwe, kila askari anazijua taratibu za msiba. Mwenzake akianguka kazini, bendera hutandazwa juu ya jeneza, risasi hupigwa hewani, na jina lake huandikwa. Lakini upo msiba mwingine unaoingia katika nyumba za askari hao hao bila tarumbeta na bila bendera. Ni msiba wa mtoto aliyekufa tumboni, aliyekufa wakati wa kuzaliwa, au aliyekufa siku chache baada ya kuzaliwa. Msiba huo hauna gwaride, na mara nyingi hauna hata matanga. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa si msiba kamili.

Dhana hiyo ni potofu, na madhara yake ni makubwa. Wazee walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakusema kwamba mwana huyo sharti awe amekwisha kutembea au kusema. Mama aliyebeba mimba miezi tisa amekwisha kumjua mtoto wake kwa mateke yake na kwa utulivu wake. Baba naye amekwisha kumhesabu katika mipango ya nyumba yake. Mtoto huyo akifa, wazazi wamefiwa. Hapo ndipo kazi ya muuguzi inapoanzia, na hapo ndipo askari, kamanda wake na polisi aliye zamu wanapopata sehemu yao ya wajibu.

Msiba huu hauwapati watu wachache. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF, watoto wapatao milioni 1.9 huzaliwa wakiwa wamekufa kila mwaka ulimwenguni, na hapo wanahesabiwa wale tu waliofikia majuma 28 ya mimba au zaidi. Zaidi ya 4 katika kila 10 miongoni mwao hufa uchungu ukiwa umekwisha kuanza, yaani katika zile saa ambazo mama alipaswa kuwa mikononi mwa mkunga. Nchini Uganda, uchunguzi wa taifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 22 hufariki kabla ya kutimiza siku 28. Uchunguzi wa namna hiyo wa mwaka 2016 ulikuwa umeonyesha watoto 27. Hayo ni maendeleo yanayostahili kusifiwa. Hata hivyo, nyuma ya kila tarakimu iliyosalia yupo mama ambaye maziwa yake hayana wa kuyanyonya.

Wilaya ya Kasese ina shida zake za pekee. Mama wa milima ya Rwenzori hushuka kwa miguu, au hubebwa kwa machela, kabla ya kuifikia barabara. Mama wa Katwe-Kabatoro hana budi kuvuka mbuga ya wanyama ya Queen Elizabeth ili afike katika hospitali kubwa. Wanawake wanaofanya kazi wakiwa wamesimama katika maji ya mashamba ya chumvi wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji hayo yanadhuru afya yao ya uzazi. Mto Nyamwamba ulipofurika mwezi wa Mei 2013, na tena mwezi wa Mei 2020, uliiharibu Hospitali ya Kilembe, na mzigo wa wagonjwa ukaongezeka katika hospitali na vituo vingine. Tena wilaya hii ni ya mpakani. Wapo askari waliohamishiwa huku kutoka Arua, Gulu au Soroti pamoja na wake zao, na wapo waliovuka kwenda Kongo katika Operesheni Shujaa iliyoanza mwezi wa Novemba 2021. Mke wa askari kama huyo huweza kujifungua mahali ambapo hana mama, hana shangazi, hana jirani wa lugha yake. Ikitokea bahati mbaya, ndugu wa kwanza atakayempata ni muuguzi.

Yafaa ieleweke kwamba kumsaidia mzazi aliyefiwa na mtoto mchanga ni kazi yenye utaratibu, kama ilivyo kazi ya kufunga jeraha. Zamani haikuhesabiwa hivyo, hata katika nchi zenye hospitali nyingi. Huko Uingereza, hadi miaka ya 1970, ilikuwa desturi mtoto aliyezaliwa mfu kuondolewa upesi kabla mama hajamwona, mama akapewa dawa ya usingizi na kuambiwa asahau. Wazazi wengi hawakuambiwa hata mahali mtoto wao alipozikwa. Waganga na wauguzi waliofanya hivyo walidhani wanamhurumia mama. Miaka ilipopita, wazazi wenyewe walianza kusema kwamba hawakuweza kusahau, na kwamba waliendelea kumtafuta katika mawazo mtoto ambaye hawakupata kumwona. Mwaka 1978 baadhi yao walianzisha chama kinachojulikana kwa jina la Sands, na kwa juhudi za wazazi hao desturi za hospitali zikaanza kubadilika.

Katika Afrika ya Mashariki nako uchunguzi umefanywa. Mwaka 2015 Juliet Kiguli na wenzake wa Chuo Kikuu cha Makerere walichapisha habari za wazazi wa mashariki ya Uganda waliokuwa wakilia kimya kimya baada ya kuzaa watoto wafu. Mwaka 2021 watafiti wa Uganda na Kenya, miongoni mwao Elizabeth Ayebare wa Makerere, walichapisha maelezo ya wanawake na wanaume zaidi ya 100 waliopatwa na msiba huo. Mambo yaliyosemwa yanafanana. Wapo akina mama walioijua habari kwa kuona nyuso za wauguzi, kabla ya mtu yeyote kufungua kinywa. Wapo waliolazwa katika chumba kimoja na wanawake waliokuwa wakinyonyesha. Wapo ambao mtoto wao alizikwa haraka, nao wakiwa bado kitandani. Na wapo akina baba waliobaki ukumbini au nje ya mlango bila kuelezwa lolote, kisha wakakabidhiwa maiti na kutakiwa wafanye mipango. Kwa upande mwingine, wazazi waliosemeshwa kwa upole na muuguzi mmoja tu waliyakumbuka maneno yake kwa shukrani.

Basi muuguzi aliyefundishwa vema hufanya nini? La kwanza ni kusema kweli, na kuisema mapema. Mapigo ya moyo wa mtoto yakitafutwa na yasisikike, muuguzi au mkunga huomba mwenzake ahakikishe, na palipo na mashine ya kupiga picha ya tumbo huitumia. Ikisha kuthibitishwa, hamwachi mama ahangaike kwa kubahatisha. Huketi karibu naye, macho yao yakiwa sawa, humwita kwa jina lake, humwuliza kama angependa mumewe au ndugu awepo, kisha husema kwa maneno machache na yaliyo wazi kwamba mtoto amefariki. Hasemi kwamba mtoto “amekwenda” au kwamba “mambo hayakuwa mazuri,” kwa maana mtu aliyeshtuka huyashika maneno ya mafumbo kama mtu anayezama anavyoushika unyasi. Husema pia kwamba anasikitika. Kisha hunyamaza, na humwacha mama alie.

Kunyamaza huko ni sehemu ya kazi. Watu wengi wakiogopa kimya huanza kumwaga maneno: kwamba mama bado ni kijana atazaa mwingine, kwamba afadhali amekufa kabla hajamzoea, kwamba ni mapenzi ya Mungu basi ajikaze. Msemaji hukusudia kutuliza, lakini mama husikia kwamba mtoto wake hakuwa na thamani. Mtu aliyefiwa na mtoto hawezi kulipwa kwa ahadi ya mtoto mwingine. Hata mama mwenye imani kubwa anahitaji kwanza ruhusa ya kulia; maneno ya dini yatamfaa zaidi yakitoka kwa padri, mchungaji au shehe ambaye yeye mwenyewe amemwomba aje.

La pili ni kumtafutia mama mahali pake. Katika hospitali iliyojaa, chumba cha pekee ni vigumu kukipata. Lakini kitanda cha pembeni, pazia, au shuka iliyofungwa kwa kamba huweza kumtenga na sauti za watoto wa wenzake. Jambo hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji mtu aliyelifikiria.

La tatu linahusu kumwona mtoto. Hapa muuguzi hana budi kuwa na busara nyingi, kwa kuwa wazazi hawafanani na mila hazifanani. Wengine hutamani kumshika mtoto wao na kumtazama vidole na uso; wengine huona kwamba hawawezi, au kwamba desturi ya kwao hairuhusu. Baada ya ile desturi ya kuwaficha watoto kuachwa huko Uingereza, palitokea hatari ya pili, yaani ya kuwasukuma akina mama wote wawashike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 katika nchi hiyo uliwatahadharisha wauguzi, kwa kuonyesha kwamba kuwashika watoto kulifuatana na huzuni zaidi kwa baadhi ya akina mama. Somo lililopatikana ni kwamba uamuzi ni wa mzazi. Muuguzi humwosha mtoto, humfunga katika nguo safi, hueleza kwanza jinsi anavyoonekana, kisha huuliza, na anaweza kuuliza tena baada ya saa chache, kwa kuwa mtu aliyekataa alfajiri huweza kukubali adhuhuri. Jibu lolote atakalopewa huliheshimu. Na mtoto huyo humbeba kama abebavyo mtoto, mikononi na kwa uangalifu. Wazazi huitazama mikono hiyo, na humbukumbuka aliyemheshimu mtoto wao.

La nne ni jina. Miongoni mwa Wakonzo wa Kasese na Bwera, jina hufuata zamu ya kuzaliwa. Mtoto wa kwanza wa kiume huitwa Baluku au Mumbere, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka. Msichana wa kwanza huitwa Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho. Katika nchi ambamo jina ni hesabu, kuuliza kama mtoto huyu atapewa jina ni sawa na kuuliza kama amehesabiwa. Muuguzi hawaamulii wazazi. Huwauliza tu kwa adabu kama wamempa jina, na wakilitaja, naye hulitaja. Askari wa kabila jingine aliyeoa Kasese, au aliyekuja na mke wake kutoka mbali, ataulizwa swali hilo kwa Kiswahili, lugha ambayo vikosi vya Uganda vimeitumia kwa vizazi kadhaa. Kwa namna hiyo lugha ya amri na ya gwaride inakuwa pia lugha ya kufarijiana.

La tano ni mazishi. Muuguzi huwaeleza wazazi kwamba mwili ni wao, kwamba hawalazimiki kuuacha hospitali, na kwamba mama anaweza kusubiriwa akitaka kuwapo na hali ya mwili wake ikimruhusu. Mwislamu ataka mtoto wake aoshwe na avikwe sanda, na pengine ataka kumwuliza shehe juu ya sala ya mtoto ambaye hakulia. Mkristo ataka padri au mchungaji, na huenda ataka ubatizo ikiwa mtoto bado anapumua kwa shida. Muuguzi mwenye kujua mambo hayo huwaita wahusika mapema, pasipo kusubiri mpaka saa zimepita.

Ipo hali moja ambayo wazazi hawaruhusiwi kumgusa mtoto wao, nayo watu wa mpaka huu wanaijua. Mwezi wa Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyetoka Kongo pamoja na jamaa zake alipelekwa katika Hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera, ambako ilithibitishwa kwamba ana Ebola, naye akafariki. Mdogo wake wa miaka 3 na bibi yao walifariki pia. Maiti ya mgonjwa wa Ebola huambukiza vikali, kwa hiyo huzikwa na kikosi kilichovaa mavazi ya kinga. Mzazi anayezuiwa asimguse mwanawe, tena mbele ya watu waliofunikwa nyuso, huweza kudhani kwamba anadharauliwa au anaibiwa. Kazi ya muuguzi hapo ni kueleza sababu kabla ya jambo kutendeka, kuwapa jamaa nafasi ya kusali wakiwa mbali kidogo, na kuhakikisha wanaliona kaburi na kulijua. Askari anayelinda mahali hapo huisaidia kazi hiyo ikiwa anaujua msiba anaoulinda.

La sita ni mwili wa mama. Mwili haujui kwamba mtoto amekufa. Baina ya siku ya pili na ya tano maziwa hujaa, matiti huuma, na huzuni huongezeka maradufu. Mama asiyeonywa mapema hushtuka vibaya. Muuguzi humfundisha kuvaa nguo inayoyashikilia matiti bila kuyabana mno, kuweka kitambaa chenye maji baridi, kumeza dawa ya maumivu aliyoandikiwa, na kukamua kidogo tu kwa ajili ya kupata nafuu, kwa maana akikamua sana maziwa yataendelea kuja. Humwonya pia juu ya dalili za hatari: damu nyingi, homa, uchafu wenye harufu mbaya, kuumwa kichwa sana, kuona ukungu, au degedege, kwa kuwa kifafa cha mimba huweza kumpata mama hata baada ya kujifungua. Mama aliyefiwa naye ni mzazi, na kama wazazi wengine anapaswa kuangaliwa katika saa 24 za kwanza, baina ya saa 48 na 72, baina ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika juma la 6. Mara nyingi mama huyu hukosa kuangaliwa kwa sababu hana mtoto wa kumpeleka kliniki.

La saba ni kueleza sababu kwa kadiri zinavyojulikana. Hapa muuguzi hupambana na adui mkubwa, yaani lawama. Pakikosekana maelezo, jamaa hujaza pengo kwa kusema kwamba mama alirogwa, alivunja mwiko, alitembea nje ya ndoa, au alifanya kazi kupita kiasi. Lakini sababu zinazojulikana ni nyingine: shinikizo la damu la mimba, malaria, kaswende, uchungu uliochukua muda mrefu mno, kondo la nyuma kuachia kabla ya wakati, mtoto kuzaliwa njiti, kukosa hewa, au kuambukizwa vijidudu. Utaratibu wa Wizara ya Afya ya Uganda unataka kifo cha namna hii kitolewe taarifa ndani ya saa 24 na kuchunguzwa ndani ya siku 7, ili kosa likionekana lisirudiwe. Na jambo moja askari wa kiume hawana budi kulisikia waziwazi: kaswende haitibiki kwa mke peke yake. Akitibiwa mke na mume akabaki nayo, ugonjwa utarudi, na mimba inayofuata itakuwa hatarini. Mume anayekubali kupimwa pamoja na mkewe amemlinda mtoto ambaye bado hajatungwa.

Baada ya hayo yote mama hurudi nyumbani, na huko ndiko msiba unakokuwa mzito zaidi. Muuguzi mwema humpa siku ya kurudi, humwachia namba ya simu ya kituo, au huwaomba wahudumu wa afya wa kijiji wampitie. Huwaeleza jamaa kwamba kulia, kukosa usingizi na kumwota mtoto ni mambo ya kawaida kwa aliyefiwa. Lakini yakipita majuma mawili mama asipate nafuu hata kidogo, akawa hali, halali, hajali usafi wake, au akisema kwamba hataki kuishi, hapo apelekwe hospitali bila kuchelewa. Huo ni ugonjwa, nao una matibabu.

Yote yaliyotajwa hayakamiliki ikiwa baba hayupo. Askari hufundishwa kustahimili, na mafunzo hayo humfaa vitani. Nyumbani, mume asiyesema neno na asiyetoa chozi huonekana na mkewe kama mtu asiyejali. Kumbe naye amefiwa. Muuguzi aliyefunzwa humwita baba ndani, humpa kiti, humweleza habari ile ile aliyomweleza mama, na humwuliza yeye naye kama angependa kumwona mtoto. Baba akiisha kupokelewa hivyo, hupata nguvu za kumpokea mkewe. Lakini akiachwa nje ya mlango, huenda akatafuta faraja katika pombe. Huzuni, pombe na bunduki vikikutana katika mtu mmoja, kambi nzima imo hatarini.

Kwa hiyo kamanda anayo kazi. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mwanamke mwajiriwa siku 60 za kazi za likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, ambazo angalau majuma manne kati yake ni ya baada ya kujifungua au baada ya mimba kuharibika. Mwanamume hupewa siku 4 za kazi mkewe anapojifungua au mimba inapoharibika. Hivyo sheria yenyewe imekiri kwamba mama aliyempoteza mtoto anastahili kupumzika, na kwamba mumewe anastahili kuwa naye. Ni kweli kwamba sheria hiyo haiwahusu wanajeshi wa UPDF, ila wafanyakazi wa kiraia wa jeshi. Likizo ya mwanajeshi hufuata taratibu za jeshi na uamuzi wa mkuu wake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, wema wa mkuu una uzito zaidi. Simu ikipigwa kutoka hospitali kwamba mke wa askari fulani amefiwa na mtoto, afande asiseme kwamba hicho kilikuwa kitoto tu. Amwite askari wake faraghani, amweleze kama muuguzi anavyoeleza, kwa maneno machache na ya wazi, na hali ya ulinzi ikiruhusu ampe nafasi ya kwenda kuzika. Kama hali hairuhusu, kwa kuwa askari yuko ng'ambo ya mpaka au kikosi kinakabiliana na adui, atafutiwe simu aseme na mkewe, na mwenzake wa kambi atumwe kumwakilisha. Akirudi lindoni, wakubwa wake waangalie kwa siku kadhaa jinsi anavyokula, anavyolala na anavyoshika silaha. Na askari wa kike aliyefiwa asirudishwe katika zamu za usiku na mazoezi mazito kana kwamba hakuzaa, eti kwa kuwa hana mtoto wa kunyonyesha.

Polisi nao wanayo sehemu yao. Usiku, katika kizuizi cha barabara baina ya Bwera na Kasese, huenda ikasimamishwa pikipiki iliyombeba mwanamume mwenye furushi dogo kifuani. Baada ya mauaji ya wanafunzi wa shule ya Lhubiriha huko Mpondwe usiku wa tarehe 16 Juni 2023, hakuna atakayemlaumu polisi kwa kukagua. Kukagua ni wajibu. Lakini karatasi ya hospitali ikionyeshwa, na mtu akisema kwamba huyu ni mwanawe anayempeleka kumzika, polisi anaweza kutazama kwa adabu, akavua kofia, akasema pole, na kumfungulia njia. Vivyo hivyo panapotokea mama aliyejifungua nyumbani mtoto mfu. Sheria ya makosa ya jinai inatambua kosa la kuficha uzazi, na polisi hana budi kuuliza. Hata hivyo, aulize akijua kwamba wengi wa akina mama hao wamefiwa tu, na mama anayetokwa damu apelekwe kwanza hospitali, maswali yaje baadaye.

Mwisho, pana muuguzi mwenyewe. Katika zamu moja ya usiku mkunga huweza kupokea watoto kadhaa walio hai na mmoja aliyekufa, kisha akatakiwa kucheka na mama huyu na kulia na yule, huku mwingine akimwita kutoka kitanda cha tatu. Yeye naye huenda nyumbani na uso wa mtoto yule. Mara nyingine hulaumiwa na jamaa wenye hasira, hata akatishwa na mume aliyevaa sare. Askari anayejua maana ya kulinda lindo peke yake usiku kucha angepaswa kuwa mtu wa kwanza kumwelewa. Palipo na uzembe, yapo mahali pa kupeleka malalamiko, na uchunguzi wa kifo upo kwa ajili hiyo. Vitisho katika wodi ya wazazi humwondolea mkunga utulivu anaouhitaji kwa ajili ya mama anayefuata.

Watoto wengi zaidi wataokolewa kadiri kliniki za wajawazito zinavyohudhuriwa, kadiri malaria na kaswende zinavyotibiwa, na kadiri wakunga, dawa na magari ya wagonjwa yanavyoongezwa. Hiyo ndiyo njia kuu, nayo haina mbadala. Lakini mpaka hapo itakapofikiwa, na hata baada ya kufikiwa, baadhi ya wazazi watatoka hospitalini mikono mitupu. Muuguzi wa Bwera, wa Kagando au wa kituo kidogo cha kando ya ziwa la chumvi hawezi kuwarudishia mtoto wao. Anaweza kuwathibitishia kwamba mtoto huyo alikuwako, na kwamba wao ni wazazi waliofiwa. Askari aliyekwisha kuusimamia msiba wa mwenzake kwa heshima zote ajue kwamba mtoto wake mwenyewe, hata kama aliishi saa moja, au hata kama hakupata kulia, anastahili heshima hiyo hiyo. Na mama wa mtoto huyo anastahili kumwona mumewe akiwa kando ya kaburi pamoja naye.